Wanameli Hunywa Mwisho

Wanameli walizaliwa Gendabi mwaka 1995, katika darasa la tano, baada ya mapumziko ya asubuhi. Aliyewazaa ni Mwalimu Odilia, binti wa Endagikot, huko ambako ukungu hukaa mashambani hadi jua likaribie utosini. Hakuwa amewahi kuona jangwa hata kwenye picha ya rangi.

Mada ya siku hiyo ilikuwa maisha ya watu wa jangwani: nchi yao, chakula chao, shughuli zao za kila siku. Shule ilikuwa na kitabu kimoja tu, cha mwalimu, na kurasa hizo hazikuwemo. Mtu alikuwa amezichana, pengine kwa kufungia ugoro. Kazi ya kuchapa vitabu vipya ilikuwa imehamia kwa kampuni binafsi, nazo zilikuwa bado hazijasikia habari za Gendabi. Odilia alipokwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza afanyeje, alijibiwa, "Fundisha, Odilia. Jangwa ni mchanga. Mchanga watoto wanaujua."

Akafundisha. Jina alilipata kwenye kopo la rangi lililokuwa limetiwa chaki. Herufi ya kwanza ya neno ENAMEL ilikuwa imekwanguka, ikabaki NAMEL. Akageuka ubaoni na kuandika WANAMELI, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

Nchi aliichukua dirishani. Wanameli aliwapa mlima mmoja uliosimama peke yake kwenye tambarare, kama Hanang, na ziwa linalokauka na kuacha chumvi nyeupe, kama Balangida. Aliwapa nyumba za ngozi zinazofungwa na kubebwa. Aliwapa ngamia, kwa kuwa jangwa bila ngamia watoto wasingelikubali, na mtoto mmoja alipouliza ngamia ana tabia gani, akajibu kwamba ni kama punda, ila ana kiburi zaidi. Kuhusu chakula alijitahidi zaidi. Walikula uji wa mbegu za nyasi, nyama iliyofukiwa kwenye majivu ya moto, na vipande vya maziwa ya mgando vilivyoanikwa juu ya mawe mpaka vikakauka na kulia mdomoni kama kokoto. Hilo la mwisho alilipenda mwenyewe. Lilitokana na mboga za maboga ambazo mama yake huzianika juu ya paa.

Yakabaki maji. Odilia alitazama tena dirishani, na hapo ndipo lilipoanzia jambo ambalo hadi leo halimpi usingizi mzuri.

Nyuma ya shule kulikuwa na kisima cha kuchimbwa kwa mikono. Kila mchana mfugaji wa Kibarbaig aitwaye Gidamis alileta ng'ombe wake pale. Aliwasimamisha chini ya mgunga, mbali kidogo, akaegemea fimbo yake, akangoja mpaka wanawake wa Kiiraqw, watu wa kulima, wajaze ndoo zao zote na kuondoka. Odilia alijua sababu, kwa kuwa aliwahi kumuuliza, naye Gidamis akamweleza: ng'ombe wakitangulia wanatia matope, na mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kusukumana na fahali. Baba yake alimfundisha hivi: mwenye kwato hunywa nyuma ya mwenye ndoo.

Ilikuwa adabu. Odilia alichukua tendo na kuacha sababu. Ubaoni aliandika: *Wanameli hunywa mwisho, kwa kuwa miili yao imezoea kiu.*

Kisha, kama walimu wote wa shule zisizo na vitabu, akalifanya somo kuwa la kuitikia.

"Wanameli hula nini?"

"Maziwa makavu!"

"Hukaa wapi?"

"Nyumba za ngozi!"

"Hunywa lini?"

"Mwisho!"

Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Marieta, binti wa Gidamis, mtoto pekee wa wafugaji katika darasa lile. Alikaa dawati la mbele na alipenda shule.

Somo lilidumu wiki nzima. Siku ya mwisho mvulana aitwaye Meshack, mtoto wa mkulima, mwepesi wa kuona mambo, alinyoosha kidole. "Mwalimu, baba yake Marieta ni Mnameli. Huwa anakunywa mwisho. Na nyumbani kwao kuna ngozi."

Darasa likacheka. Odilia naye akacheka. Si kicheko kirefu. Ni kile cha mtu ambaye kitendawili chake kimeteguliwa. Meshack alikuwa amepatia, na mwalimu aliona fahari kwamba mtoto amepatia. Alipomtazama Marieta, msichana alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta dawati kwa kiganja, ingawa dawati halikuwa na vumbi.

Mwaka uliofuata Marieta hakurudi shuleni. Watu walisema wazazi wake wamehamisha ng'ombe. Ng'ombe hawakuwa wamehama. Odilia aliwaona kila mchana chini ya mgunga.

Neno lilitoka darasani kama kuku anavyotoka bandani, bila mtu kuona saa ngapi. Watoto walilitumia uwanjani, kwa yule anayechaguliwa mwisho kwenye mpira. Baadaye likaenda sokoni. Mwanamke wa wafugaji akija na maziwa na kukuta foleni, mtu angesema, "Mnameli, subiri kidogo, wewe hukauki," na watu wangecheka, na yeye pia, kwa kuwa alikuwa na maziwa ya kuuza. Odilia alisikia. Alijiambia ni utani wa jirani kwa jirani. Aliendelea kujiambia hivyo kwa miaka.

Manyara ilipomegwa kutoka Arusha na kuwa mkoa wenyewe, miradi ikasogea karibu. Baada ya miaka michache Gendabi wakachimbiwa kisima kirefu chenye mashine ya dizeli, tenki, mabomba, na birika la saruji la kunyweshea mifugo. Ikaundwa kamati ya maji. Mwenyekiti wake akawa Meshack, sasa mwanamume kijana, mwenye mke, shamba la mbaazi na baiskeli nzuri. Ni mtu mwaminifu. Hakuna aliyewahi kumshuku kuiba hata kibaba cha dizeli.

Mvua za vuli zilipogoma na dizeli ikawa haba, Meshack alipanga zamu. Asubuhi, mashine inapowaka, wachote walimu na zahanati, halafu wakulima. Mchana, wafugaji. Mashine ilizimwa kabla ya mchana, hivyo wafugaji walikuta tenki linalokoroma na bomba linalotema hewa. Hakuna aliyeiona zamu ile kuwa ya ajabu. Kwa wengi wa rika la Meshack ilikuwa elimu.

Marieta alifika kwa Odilia siku ya Jumapili, baada ya misa. Alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa vizuri kwa kitenge, macho yamelegea. Hawakuwa wamezungumza tangu darasa la tano, zaidi ya salamu za njiani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Marieta. Karibu ndani."

"Nitasimama tu. Huyu anaharisha. Tunachota dimbwini, kule wanakogaagaa nguruwe-pori." Alimpangusa mtoto jasho la paji. "Nimekuja kuomba kile kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha Wanameli. Kwenye kamati nilisema na sisi tuna kiu. Meshack akasema kwa upole tu, 'Marieta, si tulisoma pamoja? Nyie mwili umezoea.' Sasa nataka nione mwenyewe palipoandikwa. Labda imeandikwa kuhusu watu wazima, siyo watoto."

Odilia alishika mwimo wa mlango. Anakumbuka kwamba alitafuta jibu la katikati, na halikuwepo.

"Hakuna kitabu," akasema. "Niliwatunga."

"Uliwatunga."

"Wote. Nchi yao, ngamia, maziwa makavu. Hakuna Wanameli popote duniani. La kunywa mwisho nililiona kwa baba yako."

Mtoto akalia, Marieta akamtikisa kidogo. "Mimi ndiye niliyekuwa naitikia kwa nguvu," akasema hatimaye. "Nyumbani nilimfundisha na mdogo wangu." Kisha akaaga kwa heshima, kama inavyompasa mtu kumuaga mwalimu wake, na heshima ile ndiyo iliyomuumiza Odilia kuliko kama angetukanwa.

Mkutano wa kijiji ulifanyika wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Akonaay, alimpa Odilia nafasi baada ya ajenda ya ngedere wanaokula mahindi. Odilia alisimama na kusema kama alivyomwambia Marieta, bila kupunguza. Alisema alikosa kitabu, akatunga. Akatunga kwa kumwangalia jirani. Na jirani yule alikuwa anawaheshimu mama zao.

Mtu wa nyuma akauliza, "Na Waeskimo wa kwenye barafu, mwalimu? Nao ulitunga?"

"Hapana. Waeskimo wapo."

"Unajuaje?"

Mkutano ukaangua kicheko. "Muulizeni na Mlima Kilimanjaro," mwingine akasema, "maana mimi sijauona."

Meshack alisimama, kofia mkononi. Hakuwa anacheka. "Mwalimu, samahani. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Wanameli walikuja kwenye mtihani wa muhula, nikapata zote. Sasa kama ni uongo, na mimi nilifaulu nini?"

"Ulifaulu uongo wangu, Meshack."

"Mwalimu anawaonea huruma watu," Meshack aliwaambia wenzake, akionekana kumsikitikia. "Ana roho nzuri. Lakini kilichofundishwa kimefundishwa."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Odilia alielewa kwamba wanafunzi wake walimwamini sana kiasi cha kutomwamini. Mzee Akonaay, ambaye hakusoma darasa la tano la mtu yeyote, alikohoa. "Mimi sijui habari za huko jangwani. Hapa ni Gendabi. Kesho nyumba ya Gidamis ianze, ng'ombe na ndoo, tuone nani atakufa." Akaingia kwenye ajenda inayofuata.

Asubuhi Odilia alifika kisimani mapema na kuweka ndoo yake mbele, mahali pa walimu. Mashine ilikuwa imeanza kunguruma. Nyuma yake ndoo za wakulima zilijipanga mpaka kwenye ua wa minyaa. Gidamis akaja, sasa mzee, mgongo umepinda, shuka lake jeusi limefifia. Marieta alikuwa pembeni yake na ndoo. Walipofika kwenye mti mwingine, si ule mgunga wa zamani, Gidamis akapiga mluzi, na ng'ombe wakasimama.

"Mzee Gidamis, pita," Meshack akaita. "Leo unaanza wewe."

"Kina mama wamalize."

"Ni amri ya kijiji, mzee."

"Nimeisikia. Kina mama wamalize."

Matope ya kuogopa hayakuwepo tena. Maji yalitoka bombani, ng'ombe walikuwa na birika lao. Lakini mtu aliyefundishwa na baba yake jambo moja kwa umri wote haliachi kwa sababu ya saruji. Meshack alimgeukia Odilia na kusema taratibu, bila kejeli yoyote, "Unaona, mwalimu? Ulitufundisha kweli."

Odilia alichukua ndoo yake. Alitembea kando ya foleni nzima, akawapita ng'ombe, akaiweka chini nyuma ya ng'ombe wa mwisho, na kusimama hapo.

Mwanamke aliyekuwa wa pili alinyoosha mkono kwenye bomba, kisha akaurudisha. Alisomeshwa na Odilia. Wa tatu pia. Gendabi mtu hachoti mbele ya mwalimu wake akiwa amesimama anamtazama. Ni kama kula kabla ya baba mkwe. Maji yakamwagika chini bure mpaka Meshack akafunga koki.

"Jamani," akasema. "Dizeli inaungua."

Hakuna aliyesogea. Gidamis alirudi nyuma polepole na fimbo yake mpaka alipokuwa Odilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwalimu, umepotea. Ndoo zinakaa kule."

"Leo yangu inakaa huku."

"Hawa wananya."

"Nimeona."

"Mwenye kwato hunywa nyuma ya mwenye ndoo."

"Najua, baba. Ulinieleza, na mimi sikuwaeleza watoto. Sichoti mpaka wanywe. Na wale hawachoti mpaka nichote."

Gidamis aliangalia foleni, akaangalia mashine, akamwangalia mwalimu. Mabega yake yalitikisika kidogo. "Basi tutakufa kiu wote," akasema, "kwa adabu." Akapiga mluzi mwingine, na ng'ombe wakaenda birikani.

Walipokuwa wanakunywa, Marieta alikinga ndoo yake bombani. Ilijaa. Mtoto mmoja wa shule ya msingi, ameshika sketi ya mama yake katika foleni, aliuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mama, na mwalimu ni Mnameli?" Mama yake alimbana bega anyamaze. Yule mtoto alizaliwa miaka kadhaa baada ya somo lile. Odilia alijaribu kufikiri ni nani aliyemfundisha neno hilo, na akaona kwamba swali hilo halikuwa na jibu lingine ila yeye mwenyewe.

Marieta alijitwisha ndoo na kurudi kwa njia ile ile, akapita karibu naye.

"Kesho mna kikao cha walimu Katesh," akasema. Hakutabasamu. "Nani atasimama hapa?"

"Nitachelewa kikao."

"Na keshokutwa?"

"Nitakuwepo," Odilia akasema, akainua ndoo yake, kwa kuwa ng'ombe wa mwisho alikuwa ameinua kichwa birikani na foleni nzima ilikuwa inamngoja yeye.