Miaka Miwili ya Caleb

Anayetaka kumlaumu Khavere aulize kwanza, pale Makongeni, ni nani ambaye hakumpunguzia mtoto miaka. Caleb alipoletwa kutoka Vihiga alikuwa na miaka minane, na mwalimu mkuu hakutaka majitu darasa la kwanza. Khavere, mamake, akasema sita. Ikaandikwa sita, na Caleb mwenyewe akakua akiiamini.

Vijana wa mtaa waliijua sheria kwa kusikia tu: ukiwa chini ya miaka kumi na minane, kortini ni viboko, basi. Shiundu wa jirani alinaswa na vioo vya magari vya wizi, akachapwa, akarudi akichechemea kwa maringo, na wenzake wakamnunulia soda. Khavere aliiona sherehe ile kutoka dirishani. Ilimkera.

Mwaka wa tisini na sita, Caleb na vijana wawili waliomzidi umri walimvamia Burale dukani kwake kumwibia. Burale alikatwa mkono kwa panga. Waliponaswa, Caleb akawaambia polisi kwamba panga ni lake na aliyekata ni yeye. Uongo mtupu.

Mamake alimkuta rumande amechangamka.

"Mathe, wacha kulia. Hao wengine wangenyongwa. Mimi niko sixteen, mtoto hanyongwi. Nitachapwa viboko, nirudi home."

Khavere alijua adhabu ya wizi wa mabavu ni kitanzi. Alijua pia kwamba mwanawe ametimiza kumi na minane. Angemwambia siku ile, Caleb angeyakana maneno yake mapema. Lakini uso ule ulikuwa na furaha, naye akashindwa kuuzima. Akamwuliza kama anakula vizuri. Akaenda zake akijiapiza kwamba atamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo akamwuliza tena habari za chakula. Usiku alilia.

Siku ya kesi, daktari aliyempima Caleb meno na mifupa alieleza kwamba kijana huyu amepita miaka kumi na minane. Caleb akacheka. Akageuka pale kizimbani, akamtafuta mamake kwa macho.

"Mathe, waambie," akasema.

Hakimu akangoja. Khavere akasimama, akashikilia benchi la mbele, akatazama sakafu. Caleb akarudia, safari hii polepole. Kisha akaacha kucheka.