Siku Nilipovamia Kisiwa Kitupu

Juzi nilikuwa nimejilaza kwenye sofa hapa Barking, kazi ninayoiweza kuliko zote, televisheni ikaonyesha vita vya zamani kwenye visiwa vya mbali huko Alaska. Wanajeshi waliteremka ufukweni katika ukungu mzito. Adui alishatoroka kimyakimya, nao wakafyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe.

Nilicheka, kisha nikamkumbuka Neema, binti wa mjomba.

Jumapili moja, tukiwa wadogo, aliwatangazia watoto wote kanisani kwamba mimi ni kikojozi. Mchana yeye na baba yake wakaja kwetu kula, pamoja na wageni wengine. Nyumba ilinukia samaki wa kukaanga, na viatu vya wageni vilijaa mlangoni. Nikaona vyeupe, kama vya Neema. Nikavijaza uji baridi, nikajificha nyuma ya makoti kusubiri kilio.

Sikujua kwamba adui naye ana miguu. Neema alishaondoka na baba yake nilipokuwa jikoni nachota uji.

"Yesu wangu! Nani kanitilia uji?"

Alikuwa mama mdogo, anawahi zamu yake ya usafi. Ndiye aliyekuwa akinifulia mashuka kwa siri, mama asijue.

Nikatoka makotini nalia. "Nilidhani vya Neema!"

"Mwanangu, ukitaka kulipiza kisasi, angalia kwanza saizi ya kiatu."

Akavisuuza, akaenda kazini na viatu vimelowa, wala hakunisemea kwa mama. Mwenye akili angejilaumu. Mimi nikaliongeza hilo kwenye makosa ya Neema, na mpaka leo sijamsamehe.