Wimbo wa Kutoka Mtoni

Nehemiah wa Matisi, hapo Kitale, ni mwoga, na anayesema hivyo hamtukani. Mwenyewe hukubali. Huogopa mbwa wa jirani, huogopa sindano, huogopa hata simu ikiita kabla hajanywa chai. Ukimcheka hukujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha huinamia gurudumu la baiskeli anayoitengeneza. Lakini hizo zilikuwa hofu za kuchekea tu. Iliyokuwa ikimla ilikuwa moja, na alikuwa ameificha tangu ujanani.

Alizaliwa Bokoli, kwa Wabukusu, ambako mvulana hafanywi mwanamume chumbani. Hupelekwa mtoni alfajiri, hupakwa matope, kisha hurudishwa nyumbani akiimbiwa wimbo mmoja, hadi asimame uani kwa baba yake mbele ya kisu, macho juu, bila kupepesa. Wimbo huo hauimbwi ovyo. Una mwaka wake na mwezi wake wa Agosti, na ukishaanzishwa haukatizwi njiani, maana lazima kuwe na mtu wa kufikishwa nao.

Nehemiah hakufikishwa. Mama yake Peris, mlokole wa kupindukia, alimtorosha siku moja kabla, akampeleka Kitale. Alitahiriwa hospitalini akiwa amelala chali, amepigwa ganzi, nesi amemshika mkono. Huko Bokoli mjomba wake Jairus alikuwa amefunga fahali wa kumchinjia mpwa wake. Fahali alishinda pale siku nzima. Jairus hakusema na dada yake tena mpaka alipomzika, na Nehemiah hakurudi kwao ila kwa matanga, akikaa nyuma, karibu na lango. Wazee wakimuuliza rika lake, alikohoa. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Yeye alikwisha kuzaa mabinti watatu, Nasike akiwa wa kwanza, na bado anaficha.

Sasa, angekuwa fundi wa baiskeli tu, siri ingezeeka naye. Tatizo ni kwamba alipiga litungu, kinubi cha Wabukusu, na alilipiga vizuri. Gathii, mwalimu wa muziki aliyekulia Kitale, alimsikia siku moja akiwa amepeleka baiskeli, akamvuta kwenye kikundi chake. Walikuwa watatu: Gathii kwenye kinanda; Jepkemboi, binti wa mkulima wa Kachibora, kwenye chelo, ile fidla kubwa ya kubana kwa magoti; na Nehemiah na nyuzi zake saba. Walikutana nyuma ya duka la chakula cha mifugo, wakachanganya jazi na tenzi za kanisa, benga, na nyimbo za kuswaga ng'ombe alizojua Jepkemboi. Hawakupiga kelele. Muziki wao ulikuwa kama watu watatu wanaozungumza mezani, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize.

Mpiga litungu hukaza nyuzi kwa kupiga wimbo anaoujua kuliko zote. Uzi ukidanganya, wimbo utamwambia. Wimbo ambao Nehemiah aliujua kuliko zote ni ule aliousikia utotoni ukipita njiani kwa ajili ya wengine. Kwa hiyo alikaza nyuzi kwa wimbo wa mtoni, polepole, ameinamisha kichwa, akidhani hakuna anayesikiliza.

"Hiyo ni nini, Baba Nasike?" Jepkemboi aliuliza.

"Ni ya kukaza nyuzi tu."

"Ati ya kukaza nyuzi? Bana, irudie."

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Alirudia, kwa sababu chelo iliuchukua wimbo ule ikauimba vizuri mno, na kwa mara ya kwanza maishani aliusikia kama unamwendea yeye. Gathii akautia mapambo ya kinanda, wakauita "Asubuhi," ukawa ndio uti wa mgongo wa kikundi. Kwenye harusi moja ya Kitale mhudumu mmoja Mbukusu alisimama ghafla na sinia mkononi, akamtazama Nehemiah, kisha akaendelea kugawa soda. Nehemiah hakula siku hiyo.

Mwezi wa nne, mahindi ndiyo kwanza yanachipua, wakaalikwa Bungoma, huko kwao Wabukusu, kwenye harambee ya ukumbi wa kanisa. Waandalizi walikuwa wameona video kwenye simu. Walitaka "Asubuhi."

"Hiyo tuiache," Nehemiah alisema wakiwa nyuma ya ukumbi.

"Kwani iko nini?" Gathii alicheka. "Si ndiyo wametuitia?"

"Sijisikii vizuri."

"Wewe hata juzi ulisema hivyo. Ni uoga tu, mzee."

Wenzake walipoingia ndani, alibaki na kisu chake cha kukatia mipira ya magurudumu. Alikiweka juu ya uzi wa katikati. Uzi mmoja tu, na mambo yangekwisha. Lakini litungu lile lilikuwa la marehemu baba yake, na kisu kikamponyoka. Alilia kidogo, akajifuta kwa shati, akaingia. Mjomba Jairus alikuwa ameketi safu ya pili, fimbo kati ya magoti.

Nyimbo za kwanza zilipigiwa makofi ya adabu. Kisha Jepkemboi akavuta upinde, na "Asubuhi" ikaanza. Nehemiah aliamua asiguse uzi. Gathii alimkonyeza, mara ya kwanza, mara ya pili. Haikusaidia kitu, wimbo ulikuwa ndani ya chelo, uchi kabisa. Mama mmoja aliziba mdomo kwa leso. Mwanamume mmoja nyuma akaitikia, kwa sauti nzito, kana kwamba hakukusudia. Akaitikia mwingine. Viti vikasukumwa, wanaume wakasimama, sakafu ikaanza kupigwa kwa miguu. Gathii alitabasamu, masikini, akidhani wamefurahi. Jepkemboi alipoziona nyuso zao aliondoa upinde, lakini ukumbi haukunyamaza.

Jairus alinyanyua fimbo. Pakawa kimya.

"Huu wimbo ni wa nani?" aliuliza. "Mwezi wa nne huu. Mnamleta nani?"

Gathii akasogea mbele, uso umempauka. "Mzee, samahani, ni mimi niliupanga. Sikujua."

Njia ya kuponea ilikuwa hapo, wazi kama mlango wa kanisa. Mgeni asiyejua angesamehewa, na wao wangerudi Kitale kabla ya mvua. Nehemiah aliuona mlango huo na aliutamani kwa roho yake yote. Kisha akamwona Gathii akimeza mate, akasimama.

"Ni mimi, khocha," alisema, maana ndivyo mjomba aitwavyo kwao. "Yeye hana makosa."

"Wewe mtoto wa Peris. Najua ni mkono wako. Nimeuliza wimbo ni wa nani."

"Ni wangu. Mimi sikuimbiwa. Nilikatwa hospitali ya Kitale, nikiwa nimelala."

Mtu alicheka huko nyuma. Kicheko hicho Nehemiah alikuwa amekikimbia maisha yake yote, na sasa kilipita, kikaisha, naye bado amesimama. Mjomba alikuja hadi mbele yake, akainua fimbo. Nehemiah alijua atapigwa. Hakurudi nyuma, si kwa ushujaa, bali miguu ilikataa.

Fimbo ilimgusa chini ya kidevu, ikamwinua uso.

"Simama sawasawa," Jairus alisema. "Macho juu."

Kisha mzee akaanzisha wimbo mwenyewe, sauti ikikwaruza. Ukumbi ukampokea. Nehemiah alikazia macho mabati ya paa, jasho likimwingia machoni. Aliogopa kama mtoto, hofu ileile iliyomngoja Bokoli na asiende kuichukua. Wakamwimbia wimbo wote, hadi mwisho wake, mahali ambapo kisu kingekuwa.

Walipomaliza, Jepkemboi alikuwa analia waziwazi, naye hajui analilia nini. Jairus aliegemea fimbo, akihema.

"Fahali alikungoja siku nzima," alisema.

"Najua, khocha. Niliogopa."

"Na sasa?"

"Hata sasa ninaogopa."

Mzee alimtazama machoni, kama anayetafuta kitu alichokipoteza.

"Hakuna aliyeiona hofu yako," akasema.