Ukuta wa Udongo Chini ya Bagira

«Basi maji ilienda wapi, Adolphine? Ilivaa viatu ikahamia kwako?»

Maman Georgette anauliza akiwa ameshika kiuno, juu ya ua wa mianzi unaotenga viwanja viwili pembezoni mwa Bagira. Nusu ya mtaa imekwisha kufika kusikiliza. Upande wa juu wa ua, jirani yake Adolphine anajibu kwamba yeye hakuiba kitu cha mtu, na mwenye wivu anywe wivu wake.

Visima vyao vilichimbwa na mtu mmoja, kwa sururu moja. Cha Adolphine kimejaa. Cha Georgette kiko chini kidogo tu ya kile, tena ni kirefu zaidi, lakini ni kikavu kama chungu kilichosahauliwa motoni.

Mchimbaji mwenyewe, Philémon Cirhuza, anajifunga kamba kiunoni bila kuinua macho. Anajua yanayosemwa kwenye bomba la mtaa: kwamba Adolphine alimnywesha kasiksi, pombe ya ndizi, ili aufunge mshipa wa maji. Georgette ameapa mbele ya watu: leo maji yasipoonekana, atampeleka kwa chifu kama mchawi. Na katika Bukavu ya mwaka huu wa 1957, mchimbaji akishaitwa mchawi, hapewi hata shimo la choo, wala hakuna anayekula naye sahani moja.

«Kuitwa muchawi,» anasema Cirhuza kwa sauti ya chini, «ni kufa ungali unatembea.»

Shida ilianza juzi. Sururu yake iligonga udongo laini wa kijivu, umesimama wima upande wa kwa Adolphine kama ukuta uliojengwa. Georgette aliposikia, alisema uvunjwe. Adolphine akasema ukivunjwa, kisima chake kitakufa. Leo Cirhuza anashuka na nondo nyembamba tu, ajaribu.

Kamba inashikwa na shemeji yake, Pascal. Cirhuza anazama, kofia yake inapotea, na maneno ya uani yanakatika.

Kule chini Cirhuza anatega sikio kwenye ukuta. Kimya. Anachomeka nondo polepole, anaichomoa, na uzi wa maji baridi unamrukia kifuani. Anataka kucheka. Lakini uzi unakuwa kidole, kidole kinakuwa kifundo cha mkono, na udongo unaanza kumeguka vipande vipande. Anavua shati, analikunja, analisukumiza tunduni, kisha anaegemeza mgongo wake wote hapo.

Georgette amesikia mlio. Anainama mdomoni mwa shimo. «Papa Cirhuza, hiyo si maji? Iache ikuje!»

«Maman, ikikuja, inakuja na ukuta. Na miye niko hapa katikati.»

Pascal anavuta, miguu inateleza kwenye tope. Georgette anaitupa kanga yake ya begani, anaishika kamba nyuma ya Pascal. Adolphine anapita kwa kuukanyaga ua, naye anashika nyuma ya Georgette. Wanavuta pamoja, na majina waliyokuwa wakiitana asubuhi yote hayasikiki tena.

Cirhuza anatoka kifua wazi, kijivu kuanzia nywele hadi kucha, akitetemeka. Ndani, shati bado limeziba, lakini kwa muda gani hakuna ajuaye.

Alijifunza chini ya ardhi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwenga, kabla ya kuja mjini kuwatafutia riziki watoto wake watano. Kule, anasimulia, aliona namna ardhi ilivyopasuka zamani. Mahali pengine ufa umejaa kokoto, na maji hupita humo kama ng'ombe kwenye njia yao. Mahali pengine pande mbili zimesagana mpaka jiwe likawa unga, unga ukalowa ukawa udongo, na maji yakazuiliwa upande mmoja.

Huku Bushi, nchi ya Washi, kila mtu anajua: palipo na mstari wa matete mabichi, chimba. Matete ya hapa yanafuata ufa wa namna hiyo, na ule ukuta wa kijivu ndio udongo wake. Yanakunywa upande wa juu. Yeye akachimba upande wa chini.

«Niliamini matete,» anasema. «Sikuuliza maji inatokea upande gani. Kisima yako haitapata maji, maman, na miye sitatoboa tena. Tuifukie leo.»

Kuanzia sasa, anasema, atachimba kwanza vishimo viwili vya kujaribu, juu na chini ya matete. Kama kutakuwa na wa kumwita.

Watu wanamtazama Georgette. Mmoja anauliza kama aende kumwita chifu. Adolphine anasema ua umekwisha kuanguka, hatausimamisha tena. Mwenye ndoo apite, achote kisimani kwake.

Georgette anaokota kanga yake, anaikung'uta, anamfunika Cirhuza mabegani.

«Ingia ukule, papa. Sahani ni moja tu, utakula na batoto bangu.»