Ng'ombe wa Okoth

Naikumbuka vizuri siku wakwe walipokuja kwetu Nagongera kupanga mahari yangu, maana siku hiyo shangazi alifika na kipande cha sabuni, amekifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga mayai. Miaka ile Jenerali alipotawala Uganda, mwanangu, sabuni ilipokelewa kwa mikono miwili. Shangazi aliinunua Busia upande wa Kenya, akaivusha kwa njia za vichakani. Ndiyo, magendo. Usinikunjie uso. Tulitaka kuoga.

Kwetu mahari ya binti haikai nyumbani. Ng'ombe wakija kwa ajili ya dada, kaka huwapeleka kwingine naye akaoe. Mimi nilikuwa na kaka mmoja, Okoth, na Okoth alikuwa na mchumba wake kijiji cha Kirewa, Athieno, msichana mcheshi ambaye baba yake hakutaka kusikia habari za mahari isiyo na kwato. Kwa hiyo ng'ombe wangu ndio walikuwa ng'ombe wa Okoth. Kila mtu pale alilijua hilo.

Aliyenichumbia aliitwa Wandera, mfanyabiashara wa Busia, ng'ambo ya mpaka. Wazee walikubaliana ng'ombe watano bila ugomvi. Ndipo baba akakohoa, akasema hataki ng'ombe. Wageuzwe shilingi za Uganda kwa bei ya soko ya siku ile, na shilingi zenyewe ziletwe baada ya mavuno mawili ya wimbi.

Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka, pima na ng'ombe. Hii karatasi inaisha nguvu. Mwaka jana pesa hii ilinunua sabuni mzima. Leo inakupa nusu tu."

"Ng'ombe inakufa," baba akajibu. "Shilingi haikufi. Akiba haiozi."

Baba hakuwa mjinga, nataka ulijue hilo. Enzi za Waingereza, babu yangu aliahidi mahari kwa shilingi. Kabla hajalipa, bei ya pamba ikaanguka. Shilingi zikaadimika, na kila kitu kikawa rahisi, ng'ombe pia. Ili apate fedha ya ng'ombe mmoja, babu alilazimika kuuza wawili. Baba alikuwa mtoto, akaona zizi linabaki na samadi tu. Akakua na imani moja, kwamba mwenye shilingi ndiye anayecheka. Kwa fedha ya siku zile, imani hiyo ilikuwa ya kweli.

Fedha ya Jenerali ilikuwa na tabia nyingine. Serikali yake ilikuwa na askari wa kulipwa na madeni ya kila namna, na haikuwa na cha kuuza. Basi ikachapa noti. Noti zikizidi huku chumvi na sabuni zinapungua, kila noti hununua kidogo. Hakuna uchawi hapo. Baba alikuwa anajilinda na ugonjwa uliomuua babu, na mlangoni umesimama mwingine.

Mavuno mawili yakapita. Wandera akaja na mfuko wa noti, shilingi zote za ahadi, hakupunguza hata moja. Alikuwa amezinunua Busia kwa shilingi chache za Kenya, kwa maana kule noti zetu ziliuzwa kwa mafungu kama dagaa. Baba akafurahi. Kesho yake alikwenda na Okoth mnadani, nao wakarudi na mtamba mmoja, mbavu nje.

Shangazi hakupiga kelele. Alimtazama yule mtamba, kisha baba.

"Serikali imekukopa, kaka. Imechukua ng'ombe nne kwa hii nyumba, na haikubisha hodi."

Wandera alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, amekuja kunichukua. Shangazi akamgeukia.

"Na wewe, mwanangu, umelipa. Lakini unajua umelipa nini."

Wandera akatazama viatu vyake. Ahadi ni deni, lakini ahadi yake ilikuwa ya shilingi, na hakuna mzee aliyeweza kumdai zaidi. Nikafunga mizigo yangu, nikaenda.

Baba yake Athieno alingoja msimu mmoja, kisha akamwoza kwa mtu mwenye zizi. Okoth hakumlaumu mtu. Alikuja kututembelea Busia, akala, akaisifu nyumba ya shemeji yake na mabati yake mapya. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilikuwa naishi vizuri, na niliona aibu kuishi vizuri.

Jenerali aliondoka kama wanavyoondoka wote, na noti zake zikawa za watoto kuchezea duka. Binti yetu wa kwanza alipoposwa, Wandera hakuniuliza neno. Aliwaambia wakwe, "Ng'ombe. Wenye miguu." Walipofika alichagua wanne, akawaswaga mwenyewe kupitia Tororo hadi Nagongera, mtu mzima mwenye magoti mabovu. Nilimfuata kwa sababu sikuamini.

Okoth alitoka nje. Alikuwa na mvi, na jiko la nyumba yake halikuwa na moto. Akawahesabu wale ng'ombe.

"Shemeji, ng'ombe imefika," akasema. "Lakini Athieno hakungoja."

Kisha akapokea kamba. Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Hawakusema ikichelewa inatibu nini.

Basi, mwanangu, ukiahidi au ukiahidiwa, pima kwa kile mtu anachohitaji, si kwa karatasi ambayo mwingine anaweza kuichapa usiku ukiwa umelala. Somo la babu yako lishike, lakini uliza kwanza lilitoka katika fedha ya namna gani. Na ikitokea fedha ikakupunguzia deni na moyo wako unajua, usingoje mvi. Mungu akupe zizi lenye maziwa, na akujalie kulipa wakati anayedai bado ana mtu wa kuoa.