Kiko cha Baba Nilichokiunga kwa Nta

Jamani, mkasa huu nimeukalia miaka mingi, na hata sasa ninapoanza kuusimulia nasikia masikio yanapata moto, kwa sababu wenzangu mkipata aibu zenu huwa mmeteleza kwenye tope au suruali imeraruka mnadani, watu wanacheka, kesho yake wamesahau. Mimi aibu yangu niliipata mbele ya baba yangu mzazi, kipofu, mgonjwa, ukoo mzima umekaa unatazama, na kisa chenyewe ni kiko. Ndiyo, kiko cha tumbaku. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Baba yangu, Mayunga, mtu wa upande wa Mhunze, alikuwa na kiko kirefu. Kichwa chake kilikuwa cha udongo uliochomwa ukawa mweusi tii, na mrija wake wa mti ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, hivyo baba akiketi kichwa cha kiko kinalala karibu na nyayo zake na moshi unamfikia kinywani umeshapoa. Pale mdomoni mwa mrija palikuwa na kishimo, maana jino lake moja la mbele lilikaa upande, na kwa miaka yote hiyo lilikuwa linauma pale pale. Nilipokuwa kijana sikuona kitu kizuri duniani kupita kiko kile. Lakini kwenye ukoo wetu mtoto havuti mbele ya baba yake wala mbele ya wazee mpaka siku baba mwenyewe atakapowasha, avute, halafu ampe mwanawe kwa mkono wake watu wakiona, na mwana akishavuta hapo ndiye atakayesema kwa niaba ya mji baba akiondoka.

Basi habari za dhahabu ya Geita zikafika kwetu, nami nikaaga. Baba akanipa kile kiko. Akasema, "Nenda nacho, Shija. Huko uvute peke yako. Siku nikikuita, uje nacho tuvute wote." Nikakifunga kwenye mkeka wangu, nikaondoka nimevimba kifua.

Machimboni kiko kirefu hakikufaa, nawaambia ukweli. Kazi yangu ilikuwa kusukuma vigari vya mawe, mikono miwili haina nafasi, na saa ya kupumzika nikikitoa wenzangu wanaanza: "Shija, unavuta kiko au unavua samaki?" Siku ya tatu nikaazima msumeno nikaukata mrija, nikabakiza vidole vinne tu, na kile kipande cha mbele, chenye kishimo cha jino la baba, nikakitia motoni tukachemshia chai. (Hapo sikuhisi kitu. Nilikunywa ile chai na sukari.)

Baada ya miezi michache hicho kifupi nacho kikanichosha, kilikuwa kinaniunguza pua, na nilikuwa nimemwona msimamizi wetu ana kiko kilichopinda, kinaning'inia kidevuni chenyewe huku yeye anaandika, nikaona huyo ndiye mwanamume. Nikaenda dukani kwa Mzee Salumu, mtu mmoja wa pwani mwenye subira, nikanunua kama hicho. Mwaka haujaisha nikaona kilichopinda ni cha watu wenye vitambi, nikarudi kwa Mzee Salumu nikataka kilichonyooka, chembamba, cha kichwa kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, tumbaku ni ile ile." Sikumsikia. Kiko cha baba kilikuwa ndani ya sanduku la bati, nimekitilia vifungo vya shati na sindano.

Hapo ndipo akaja mtu kutoka nyumbani. Akaniambia, "Baba yako anakuita. Macho yamekwisha na kifua kinambana. Anasema uje na kiko."

Sasa jamani, mtu mwenye akili angefanya nini? Angekwenda na kile kifupi, apige magoti, aseme baba nimekikata, nisamehe. Mimi nikafika Bugarama, njiani kwenda nyumbani, nikapumzika kwa mrina asali mmoja, nikaona kipande cha nta kimekaa juu ya gogo, na shetani akaninong'oneza kwamba baba haoni. Nikaomba kile kipande. Nikakata tete refu, nikalichomeka kwenye kile kipande cha mrija kilichobaki, nikazungushia uzi, nikapaka nta, nikaipaka na masizi juu ili wazee wenye macho wasitambue. Nikakitazama kwa mbali nikajisifu kuwa ni fundi.

Nikafika nyumbani asubuhi, nimevaa koti na mabuti ya kazini. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Akanyoosha mikono hewani akitafuta uso wangu, akaushika, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, umenenepa," na machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona. Watu walikuwa wameshakusanyika, baba mdogo Lugendo, shangazi Kabula, wajomba na majirani, wote wameketi kwenye ngozi na mikeka. Baba akasema, "Kiko."

Nikampa. Alikipapasa kidogo, akakitia mdomoni, nikaona ulimi unatembea pale mwisho wa tete, unatafuta.

"Jino langu silioni hapa," akasema.

"Mrija umekauka na safari, baba," nikajibu upesi.

Lugendo akaleta kaa la moto, akaliweka juu ya tumbaku, baba akavuta. Moshi wa kwanza ukaja vizuri, wa pili ukaja vizuri, nami nikaanza kushusha pumzi. Kwenye wa tatu shangazi Kabula akainua pua akasema, "Mbona kuna harufu ya asali?"

Nikaona nta inang'aa. Kisha ikaanza kutona, kichwa cha kiko kikainama taratibu, kikachomoka, kikaanguka na moto wake wote juu ya blanketi la baba. Nikaruka. Nilitaka kuzima moto, wallahi sikutaka kingine, nikalivuta blanketi nikakanyaga kwa buti, tena nikakanyaga, na chini ya buti nikasikia udongo unavunjika. Nikainama kuokota, na kwenye mfuko wa koti kikadondoka kile kiko kilichopinda, nilipokikimbilia kikadondoka na kile kilichonyooka, vyote viwili vikalala mkekani vinang'aa, wazee wanavitazama.

"Tazameni!" Lugendo akasema. "Yeye ana viwili vya dukani, na cha baba yake amekigandisha kwa nta!"

Watu wakacheka. Mjomba mmoja alijipiga mapaja. Halafu kicheko kikakatika ghafla, maana walimwona baba. Alikuwa bado ameshika lile tete tupu mdomoni, mashavu yameingia ndani, anavuta, anangoja moshi.

"Shija," akauliza, "kimezimika?"

Nilikuwa na nafasi ya mwisho hapo. Nikasema, "Kimezimika, baba."

"Basi shika," akasema, akaninyooshea lile tete. "Vuta wewe sasa. Ndicho nilichokuitia."

Nikalipokea. Lile tete halikuwa na kichwa, halikuwa na tumbaku, halikuwa na moto, na baba ameinamisha sikio anangoja kusikia nikivuta. Nikashindwa, nikaanza kulia kama mtoto. Baba akashusha mkono mkekani, akapapasa, vidole vyake vikakuta vigae vya udongo, kimoja, cha pili, na kile kipande cha mrija. Akagusa pale msumeno ulipopita.

"Ulikikata."

"Ndiyo, baba."

"Kilikusumbua kazini?"

"Kilinisumbua, baba."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, shangazi akamshika mgongo mpaka kikapita. "Mimi nami nilikikata cha baba yangu," akasema. "Nilipokuwa mpagazi kilikuwa kirefu kuliko hiki, kikawa kinanipiga magoti njia nzima. Niliporudi nikamwambia, akanicheka, tukavuta hicho hicho kifupi. Wewe kwa nini hukuniambia?"

Akasema amechoka. Akasema, "Kesho atafutwe mfinyanzi, tupate kichwa kingine. Tutavuta kesho."

Asubuhi shangazi Kabula alirudi na kichwa kipya amekifunga kwenye khanga, akatukuta tunauosha mwili wa baba.

Mji ukawa wa Lugendo. Hakuna aliyebisha, hata mimi, maana kila mtu aliona kwamba nilipewa na sikuvuta. Vile viko vya dukani niliviacha pale pale mkekani, sijui nani alivichukua. Nimejitengenezea kirefu, kama cha baba, na mrija ulipopasuka nimeuunga kwa waya wa shaba ambao kila mtu anauona, na nimeapa sitaficha tena kiungo cha kitu chochote. Mwanangu Masanja juzi ameniambia kiko kirefu ni cha watu wa zamani, yeye anataka kilichopinda. Nikamwambia anunue, ila aje anionyeshe.

Lakini kumpa kwa mkono wangu mbele ya watu siwezi. Nitampaje nisichokuwa nacho? Mimi mwenyewe na mvi zote hizi, wazee wenzangu wakiketi wakawasha viko vyao, huinuka polepole nikaenda kuvutia nyuma ya nyumba.