Maziwa ya jirani kwa sikio la mtoto aliyewekwa grommet

Wakuu, niaje. Niazimeni dakika tatu. Nitawaambia ukweli wote, hata pale ninapoaibika, na kuna mahali ninaaibika vibaya.

Tunaishi mtaa wa Lindi, lakini kazi yangu ni kushona viatu mtaa wa Kawangware, mji huo huo. Msichana wangu Mwende ana miaka minne. Sikio lake la kulia lilijaa maji ndani, ukimwita upande huo hasikii kitu. Hospitali wakamwekea grommet, kamrija kadogo kanapita kwa ngoma ya sikio ndio hewa iingie. Daktari akatuonya: kitu chochote kisiingie humo.

Miezi miwili baadaye likaanza kutoa usaha kidogo. Siku hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Kitui. Akaliangalia, akasema dawa ya hiyo ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Mama Brayo wa mlango wa pili ana mtoto mchanga. Akaja bila maswali, akalenga maziwa moja kwa moja ndani ya sikio. Na huyo mama ana shabaha, wacha tu.

Kichwa cha mtoto nilishika mimi. Wakamba wenzangu mnajua mama mkwe habishiwi.

Siku nne, sikio linanuka na mto una damu. Tukakimbia hospitali. Daktari akachungulia. Nyama nyekundu imeota kuzunguka mrija, akasema. Akaandika matone ya wiki mbili. Isipopungua, mtoto anarudi theatre kupasuliwa, na hapo hawezi kuahidi kwamba atasikia vizuri.

Akauliza kama tuliweka kitu.

"Maji ya kuoga tu, daktari."

Mke wangu akaangalia dari.

Hizo wiki mbili chakula kilinishinda. Namwekea matone, halafu naenda upande wa kulia namwita polepole. Hageuki.

Tuliporudi, nyama ilikuwa imeisha. Daktari akaziba sikio la kushoto kwa kidole, akasimama nyuma yake, akanong'ona, "Mwende, uliwekwa nini kwa sikio?"

"Maziwa ya Mama Brayo," akajibu, na foleni yote nje ikasikia. "Baba alinishika kichwa."

Wakuu, nililia hapo mbele ya daktari, mwanaume mzima. Mtoto wangu amesikia.

Funzo: sikio likiwa na mrija, weka tu dawa ya daktari. Na usimdanganye, kwa sababu shahidi wako anapona.

Haya, nanyi mliwahi kuweka nini kwa sikio la mtoto? Tubuni hapa chini, mama mkwe hayuko kwa hii forum.